Kwapa la Goti

Lilianza Jumanne, siku ya kupeleka uyoga kituoni.
Niliamka nikakuta goti la kushoto limeumuka
kama kinyunga kilichosahauliwa kando ya jiko.
Jeraha hakuna. Wekundu hakuna.
Maumivu nayo ya kubabaisha tu,
ila halikunjiki.
Goti nililochuchumalia uyoga miaka hamsini
katika misonobari ya Varėna
limegoma, bila barua, bila madai.

Halmashauri ikaketi jikoni kwangu pasipo mwaliko.
Jirani Teofilė: ni gegedu imelika,
langu hulia kama bawaba kabla ya mvua.
Tarishi Rimgaudas, buti zikichuruzika maji sakafuni:
ni jongo, mama, punguza soseji.
Mwanangu Gintautas, kwa simu kutoka Kaunas:
ulianguka ukanificha.
Sikuanguka.
(Nilianguka, lakini ilikuwa Machi, na ni goti lile jingine.)
Mimi nikashikilia ni kupiga magoti,
kwamba kijifuko kilicho mbele ya pia ya goti
kimejaa maji kwa hasira.
Basi nikafunga jani la kabichi. Siku tisa.
Kabichi ikanyauka. Goti halikusikia.

Daktari Vilkaitė ni mdogo kuliko koti langu la baridi.
Aliligusa kwa mgongo wa mkono,
kama apimaye maji ya kumwogesha mtoto.
Una homa? Unatetemeka usiku?
Ukilikanyagia, linakubali?
Nikajibu hapana, hapana, linakubali kwa shingo upande.
“Ungesema ndiyo kwenye homa,” akasema,
“sasa hivi ungekuwa ndani ya gari la wagonjwa.
Goti jekundu, la moto, lenye homa,
halingoji kesho.
Na siku tisa za kabichi, mama, ni nane zaidi.”
Akachoma sindano, akavuta maji
ya manjano, yenye ukungu, mabomba mawili yakajaa.
Akayainua penye mwanga wa dirisha. Kisha, bila kunitazama:
“Kiangazi kilichopita, uliona duara?
Jekundu, linalopanuka,
katikati limefifia?”

Hapo nikanyamaza.

Miaka arobaini na mmoja, kila jioni ya msimu,
Kazimieras alinisimamisha chini ya taa ya jikoni,
nimempa mgongo,
akanisoma kama gazeti la jana, pasipo haraka:
kisogo, mabega, kiuno,
mwisho kwapa la goti, huko kulikolainika, kupe hupapenda.
Akimpata, kibano.
“Simama. Usicheke.”
Tulimzika Februari, ardhi ngumu kama chuma.
Juni nilikwenda peke yangu kuchuma matunda meusi,
nikarudi vidole vya zambarau,
nikalala sijasomwa.

Nyani haoni kundule;
mjane haoni nyuma ya goti lake.
Duara likaja, likapanuka, likaondoka,
na mimi nyumbani nikila supu.

“Kulikuwasha?” “Siku mbili. Nilidhani soksi.”

Damu ilikwenda Vilnius, ikarudi na jina la ugonjwa,
jina refu, la mgeni, kwa kiumbe
asiyetosha kichwa cha pini.
Vidonge siku ishirini na nane.
Uvimbe ulishuka kama theluji juu ya paa:
wiki nzima huoni kitu,
halafu asubuhi moja, pwaa.

Sasa ni Mei. Saa mbili usiku Teofilė anabisha,
tochi mkononi, kibano cha nyusi mfukoni.
Tunapeana migongo kwa zamu, vikongwe wawili,
mapazia tumeyabana kwa pini za nguo
asije Rimgaudas akapata habari za kusambaza.
Teofilė haoni vizuri. Huninusa karibu.
“Hiki?” “Baka.”
“Na hiki?” “Hicho ni uzee, mwache alale.”
Anapiga goti sakafuni, lake linalia kama bawaba,
anafika nyuma ya langu.
“Simama,” ananiambia.

Nami nacheka.
Hakuna aliyenikataza.